Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tabianchi, Vipimamvua na Miche Ambayo Hatukuipanda

Ndugu wanachama,

Nawashukuru mliofika. Viti vilivyo wazi mnaviona wenyewe, nitavirudia.

Shughuli za kawaida mnazijua: vikao vya kila mwezi, usafi wa kitalu, ukaguzi wa chanzo cha maji, barua kadhaa ambazo nyingine hazijajibiwa. Anayetaka tarehe amwone katibu.

Niingie kwenye jambo lililosemwa sana, hasa nikiwa sipo: kuahirisha siku ya kupanda miti na fedha yake kununulia vipimamvua. Nimesikia kwamba nimeua chama. Uamuzi ulikuwa wa kamati na muhtasari umesainiwa, ingawa wazo lilikuwa langu na silikani.

Mwaka juzi tulipanda tarehe ileile tuliyoizoea. Mvua ikachelewa wiki tano. Nilikwenda peke yangu kuiangalia miche: majani yamejikunja, udongo umeachana na shina hata kidole kinapita. Kisha mvua ikaja alasiri moja, ikaondoka na vijiti vya alama. Hapo mlitaka turudie tarehe ileile?

Kila joto la hewa likipanda kwa nyuzijoto 1 ya Selisiasi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Mvuke huo hutolewa kwenye udongo, majani na mabwawa, ndiyo maana ardhi hukauka upesi. Siku ukishuka, unashuka kwa mpigo. Maji hutiririka juu juu yakibeba udongo wenye rutuba, na chemchemi haiambulii kitu kwa sababu hayakupata muda wa kuzama. Hivyo mafuriko na kisima kikavu vinaweza kuonekana mwaka mmoja, mahali pamoja.

Mjumbe mmoja aliniambia jua limesogea. Jua halijasogea. Ardhi hupokea nuru yake na kuitoa tena kama joto. Mvuke, kaboni dioksidi na methane huzuia sehemu ya joto hilo lisitoroke. Bila gesi hizo tungeganda. Balaa ni kuzizidisha kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na misitu. Kabla ya enzi ya viwanda, kaboni dioksidi ilikuwa kama sehemu 280 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Sasa imepita 420. Mwanasayansi John Tyndall alipima tabia ya gesi hizi mwaka 1859, mwanasayansi mwingine, Svante Arrhenius, akapiga hesabu ya joto linaloongezeka kaboni dioksidi ikizidi mwaka 1896, na tangu 1958 kaboni dioksidi inapimwa kwenye mlima Mauna Loa huko Hawaii. Bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada, matumbawe yanapauka na samaki wanahamia maji baridi. Mwaka 2024 ulivunja rekodi ya joto. Haya yote tumeyajua kwa sababu kuna watu waliopima, na ndicho nilichowaomba.

Sisemi miti haina maana. Msitu ulio hai hufyonza kaboni na kushikilia maji. Lakini mche uliokufa huoza na kuirudisha kaboni yake hewani, na picha tuliyopiga siku ya kuupanda haiuzuii.

Vipimamvua vimefungwa. Wasomaji wa kila asubuhi ni watatu, mmoja wao mimi. Kimoja nilikikuta buibui ameshatandaza utando ndani, na daftari lake halijaandikwa tangu kifungwe.

Ada: waliolipa hawafiki nusu. Akidi tumeikosa mara tatu. Mweka hazina ameniomba nisitaje majina, nami sitataja, ila wanaouliza fedha imekwenda wapi wengi wao hawakuitoa.

Mwakani tunatarajia kupanda, tarehe ikitegemea vipimo, na kuandaa mafunzo kwa vijana fedha ikiruhusu.

Vipimamvua viwili bado havina msomaji. Daftari liko kwa katibu, pale mlangoni.