Tuchague burudani zinazotufaa wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaase wakazi wenzangu wa Dar es Salaam, hasa vijana walioanza kazi, wasichague shughuli ya mapumziko kwa kufuata mkumbo. Wapo wanaojiunga na vikundi vya jogingi kwa sababu tu marafiki wamejiunga, wakanunua viatu vya bei kubwa, kisha baada ya muda mfupi wakaacha na kujiona wavivu, ilhali shughuli yenyewe ndiyo isiyowafaa.

Nionavyo mimi, mtu aanze kwa kuitazama siku yake: anayeshinda ameketi ofisini huenda akafurahia zaidi kutembea katika msitu wa Pugu, na muuzaji wa Kariakoo, anayeshinda akizungumza na wateja, pengine anahitaji utulivu wa Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967 na ambayo wengi wetu huipita tu tukiwa ndani ya daladala. Bao nalo, ambalo baadhi ya vijana hulidharau wakidai ni la wazee, linadai hesabu na kumbukumbu kuliko michezo mingi ya simu.

Gharama isiwe kisingizio. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora jijini humu mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia vibao vya hadibodi na rangi za baiskeli, bila kusomea sanaa chuoni.

Nawasihi wazazi pia wasimkataze mtoto kuchora au kufuga njiwa kwa hoja kwamba hakuna fedha ndani yake.

Msomaji wako,
Magomeni, Dar es Salaam