Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayekataa kutoa mkusanyiko

Mdogo wangu, habari za huko Moshi? Sisi huku Arusha tuko salama, mama anakusalimia sana, baridi ndo imeanza na watu wameshatoa makoti.

Nakuandikia hadharani kwa sababu kule kwenye grupu la familia ukishatuma voisi zako hakuna anayepata nafasi ya kukujibu, af hili jambo sio la familia peke yake, mashabiki wako nao wanalisubiri. Watu wamekuomba utoe mkusanyiko wa ngoma zako za zamani, zile za kipindi unarekodi mitaa ya huku Arusha, Kijenge na Ngarenaro, we ukawajibu kwamba greatest hits ni za msanii aliyekufa au aliyeishiwa mistari, kwamba ile sio albamu, ni biashara ya kampuni. Limeniuma hilo. Limeniuma kwa sababu wewe mwenyewe rap umeijulia kwenye mkusanyiko.

Unaikumbuka ile kaseti ya kaka ya 2Pac, yule rapa wa Marekani? Ilikuwa ya dakika 90, kava lake limeandikwa kwa peni ya bluu, na ndani ilikuwa ni ile Greatest Hits iliyotoka Novemba 1998, miaka miwili na kidogo baada ya 2Pac kufariki Las Vegas tarehe 13 Septemba 1996. Yenyewe ni CD mbili, nyimbo 25, haziwezi kuenea kwenye dakika 90, kwa hiyo jamaa wa duka la kanda aliyeturekodia alichagua mwenyewe zipi ziingie zipi zibaki, na Dear Mama akaiweka mwisho wa upande A, mkanda ukaisha kabla ya wimbo kuisha, tak, redio inajizima. Mpaka leo wewe ukiimba Dear Mama unaishia palepale ulipoishia mkanda. Mtu mzima, msanii, unaishia palepale! Halafu unaniambia mkusanyiko sio kitu.

Sikatai kwamba biashara ilikuwepo. Suge Knight, bosi wa Death Row iliyokuwa lebo ya 2Pac, alikuwa jela, mama yake 2Pac, Afeni Shakur, alikuwa ameshaanzisha kampuni ya Amaru kulinda kazi za mwanae, lebo ya Interscope nao wamo, kila mtu na mkono wake kwenye mfuko uleule. Na ukitaka kuilaumu ile albamu kimuziki sababu utazipata, haifuati miaka, unatoka kwenye ngoma ya 1996 unarudi ya 1991 unaenda tena ya 1995, msikilizaji mgeni hawezi kujua huyu mtu alianzaje na alibadilikaje. Hata Changes yenyewe, ambayo ndo iliibeba ile albamu, 2Pac hakuimaliza vile tunavyoisikia. Aliirekodi 1992, ikaja kushonwa upya wakati yeye hayupo, kile kinanda ni cha mwanamuziki Bruce Hornsby kutoka wimbo wake wa 1986, kiitikio wakaimba kundi la Talent, na baadhi ya mistari ilishasikika kwenye wimbo wake mwingine uliotoka 1997. Mtu akisema hiyo ni kazi ya viraka ana haki yake.

Ila angalia watu waliipokeaje. Changes kule kwao Marekani iliishia namba 32 kwenye chati ya Billboard, Uingereza ikafika namba 3, na mwaka 2000 ikawa kwenye kinyang'anyiro cha tuzo za Grammy, wakati mwenyewe yuko kaburini. Albamu nzima ilipofika 2011 RIAA, chama cha kampuni za muziki Marekani, wakaipa almasi, yaani milioni 10, ingawa hapo ujue CD mbili wanazihesabu mbili kwa hiyo ni kama seti milioni 5, bado ni nyingi mno. Na hizo ni za dukani zilizolipiwa. Hizi kanda zetu za kurekodiwa mtaani nani alizihesabu?

Sasa nisikilize kama dada yako. Mimi 2Pac niliyemkuta hapa mjini alikuwa yule wa kuchorwa ukutani kwenye vinyozi na nyuma ya vifodi, kifua wazi, kitambaa kichwani, mtu wa vita. Machalii wote wanataka Hit 'Em Up tu, ile ya kuwatukana maadui zake, ambayo kumbe hata kwenye albamu yake ya All Eyez on Me haipo, 1996 ilitoka upande wa pili wa singo ya How Do U Want It, kwa hiyo huu mkusanyiko ndo uliwarahisishia wengi kuipata. Lakini humohumo kuna Brenda's Got a Baby, kibinti cha miaka 12 kimepata mimba na nyumbani hawamjali, wao wanangoja cheki ya msaada tu, na kuna Keep Ya Head Up ya kuwatia moyo wanawake, na mimi wakati ule ni msichana nakaa kwenye mtaa ambao nilikuwa nawajua kina Brenda kwa sura. Nisingefika kwenye huo wimbo wa Brenda kwa njia nyingine, albamu ya 1991 uliyotokea sikuwahi kuiona hata kava. Mkusanyiko ndo uliniletea yule mkali na huyu mwenye huruma kwa pamoja, nikalazimika kukubali ni mtu mmoja. Hiyo wewe unaiita biashara, mi naiita heshima kwa msikilizaji.

Rudi sasa hapa kwetu. X Plastaz, kundi la rap la hapa Arusha, wana albamu ya Maasai Hip Hop ya 2004. Faza Nelly wa kundi hilo aliuawa 2006, lakini chalii aliyezaliwa baada ya hapo anaweza kumsikia leo kwa sababu ile kazi ilikusanywa ikawa albamu yenye jina na mwaka. Mwenzake Gsan akaenda kuchana Kiswahili 2009 kwenye cypher, yaani marapa kuchana kwa zamu, ya televisheni ya BET ya Marekani na mtu aliyemwona kule akitaka kurudi nyuma kumfuatilia ana pa kuanzia. Wewe mtu akitaka kukufuatilia anaanzia wapi? Ngoma ziko kwenye simu za watu zilizopasuka vioo, moja iko YouTube imerekodiwa toka redioni na sauti ya mtangazaji inaingia katikati ya beti ya pili, na studio uliyorekodia zile za kwanza ilishafungwa, kompyuta ikauzwa na kila kitu kilichokuwemo. Unasubiri nini mdogo wangu? Usubiri ufe watu wengine ndo wakae wakushonee viraka?

Kwa hiyo fanya ukiwa hai, upange mwenyewe. Zifuate miaka, hapo uwashinde wale wa 2Pac. Usiingie studio kurudia sauti, najua unataka kurudia, acha sauti yako ya kitoto ilivyo na ule mdundo wa kompyuta mbovu, watu wanaupenda hivohivo. Andika kila ngoma ilirekodiwa mtaa gani na nani aligonga biti, maana wale jamaa hawajawahi kutajwa popote. Ile ya kumtukana yule mwenzako nayo iweke, mlishapatana, isije ikaonekana unaficha. Na ile ya mama iwe ya mwisho, ila tafadhali iwe nzima.

Fleshi iliyobaki iko kwangu, nimeichomeka jana inasoma, ngoma za Ngarenaro karibu zote zimo. Jumamosi nakuja Moshi na gari la asubuhi, nikute umeshaandika orodha.

Dada yako, Arusha