Kuhusu ile kahawa uliyoiponda

Mwanangu, mambo vipi,

Ile sauti yako ya WhatsApp nimeisikiliza nikiwa naosha vyombo nikacheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Yaani umekasirika kabisa, utadhani mimi ndo nimefungua Tim Hortons, hii migahawa ya kahawa na donati ya huku Kanada. Kwamba ile pakti ya kahawa yao niliyompa shemeji akuletee umeipika vizuri, umeionja na kijiko ukatema kama mnavyofanya nyie waonjaji kule mnadani, na hukumu yako ni kwamba haina kosa kubwa wala haina sifa yoyote, alama za katikati, basi. Na swali lako ni moja tu, nchi tajiri namna hii, kahawa za dunia nzima zinawafikia, hata za Kibosho na Machame wakizitaka wanazipata, inakuwaje wanaipenda hiyo?

Kwanza nikubaliane na alama zako. Tena hapa hakuna anayebisha, muulize Mkanada yeyote kuhusu kahawa ya Tims atakwambia ni ya kawaida, wengine watakwambia mbaya, ila atakuwa anakwambia hivyo huku amekishika kile kikombe chekundu mkononi na nyuma yake kuna foleni ya magari imezunguka jengo zima. Hilo ndo la kuanzia aisee. Ukidhani watu wanaipenda kwa sababu hawajui kahawa nzuri utakwama hapo hapo, maana wanajua sana, na mji ninaokaa una vijana wanaokaanga kahawa vizuri tu, wamefuga ndevu, wana mizani, na hawana foleni.

Mji wenyewe ni Hamilton, na ndo ilikoanzia. Mji wa viwanda vya chuma, watu wa shifti, mtu anatoka kazini saa kumi na moja alfajiri nje kumeganda anataka kitu cha moto na kitu cha sukari, hana muda wa kuulizwa maswali. Mwaka 1964 Tim Horton akafungua duka pale mtaa wa Ottawa, donati na kahawa. Huyu alikuwa beki wa Toronto Maple Leafs, hoki ya kwenye barafu, kachukua Stanley Cup, kombe kubwa la ligi yao, mara 4, kwa hiyo chukulia beki mkubwa wa Simba enzi hizo anafungua kibanda cha maandazi Manzese. Wachezaji wakati ule hawakuwa na hela za kutisha kama wa sa hivi, wengi walikuwa na biashara pembeni. Akaja polisi mmoja wa hapa hapa Hamilton anaitwa Ron Joyce akachukua kuendesha tawi lile, 1967 wakawa wabia kabisa. Februari 1974 Horton akafa kwa ajali ya gari usiku, anatoka Toronto kucheza anarudi Buffalo alikokuwa anachezea, miaka 44. Matawi yalikuwa kama 40 hivi. Mwaka uliofuata Joyce akanunua hisa za mjane kwa kama dola milioni moja, mjane baadaye akaenda mahakamani kudai alipunjwa, akashindwa. Kwa hiyo jina ni la mchezaji lakini aliyejaza nchi nzima ni yule polisi, na leo matawi Kanada peke yake yanakaribia 4,000, kwa watu wasiozidi sana milioni 40. Vijana wengi wanaoingia mle ukiwauliza Tim alikuwa nani hawana habari.

Sasa sikiliza kitu ambacho mimi kilinifungua macho, na hiki sikukisoma kwenye tangazo lao. Bendera ya Kanada, ile ya jani jekundu unayoijua, wameipata 1965. Kabla ya hapo walikuwa wanapeperusha ya kikoloni yenye ile ya Muingereza kwenye kona. Wimbo wa taifa umepitishwa rasmi 1980. Katiba wameitoa mikononi mwa bunge la Uingereza 1982. Yaani duka la donati lina umri mkubwa kuliko bendera, mwanangu! Sisi tulizoea kwamba nchi inazaliwa usiku mmoja, bendera inashushwa nyingine inapandishwa saa sita kamili, watu wanalia uwanjani, na toka siku hiyo tunajua sisi ni nani. Hawa hawakupata usiku wa namna hiyo. Walijitenga na mama yao taratibu, barua kwa barua, na huku wamelaliwa ubavuni na Marekani inayowapigia kelele kwenye kila televisheni, wanaongea lugha ileile, wanavaa nguo zilezile, na robo ya nchi kule Quebec wanaongea Kifaransa na mara kwa mara wanafikiria kuondoka. Sasa hapo ukimwambia mtu wa Vancouver na mtu wa Nova Scotia watafute kitu kimoja ambacho wote wamekigusa kwa mikono yao, kitakuwa nini? Hoki, baridi, na hicho kikombe. Duka kuu la Eaton's lililokuwa la kila familia lilifilisika 1999, reli ya taifa ya CN iliuzwa 1995. Vyumba vya pamoja vilipungua kimoja kimoja, Tims ikabaki imewasha taa saa 24.

Na hapa ndo narudi kwenye alama zako za katikati, maana naona wewe unazihesabu kama udhaifu na mimi nadhani ndo siri yenyewe. Kahawa nzuri inachagua watu. Lazima ujue jina la shamba, uache sukari, unywe taratibu, na ukikosea kutamka kitu keshia anakuangalia. Ya Tims haina mtihani. Unasema double-double, ni krimu mbili sukari mbili, umemaliza, na jaji anasema hivyohivyo na dereva wa gari la kusukuma theluji anasema hivyohivyo. We mwenyewe fikiria Africafe. Tunalima arabika inayogombewa Japani, lakini ukienda kwa bibi Marangu, mlima uko mlangoni, mibuni iko nyuma ya nyumba, anachokutolea kabatini ni kile kikopo cha Bukoba, anachota kijiko anatia maziwa mengi, na nani amewahi kukasirika? Ningekuletea hapa kahawa yako ya alama 88 kwa 100 na kile kikopo, nikakuuliza kipi kinanuka nyumbani, ungenijibu nini? Usinijibu kama muonjaji, nijibu kama wewe.

Ingia tawi lolote la mji mdogo saa mbili asubuhi utakuta meza ya wazee, ipo tu, sijui wanapeana zamu au vipi, kofia za trekta, kikombe kimoja kidogo kwa asubuhi nzima, wanabishana habari za jana. Kuna matawi yanabandika tangazo kwamba mwisho wa kukaa ni dakika fulani, na hao wazee hawana mpango nalo. Nchi hii huwezi kukaa barazani miezi mitano ya mwaka, ukijaribu utakufa, na kanisa lenyewe limegeuzwa fleti. Sasa mzee aende wapi akaonekane kwamba bado yupo? Anaenda pale. Dola mbili hivi, paking bure, choo kipo, hakuna anayekuuliza unamsubiri nani.

Halafu kampuni ikagundua watu wanawapenda namna hiyo, ikaanza kuwauzia watu mapenzi yao wenyewe. Hapo ndo walipokuwa wajanja. Mwaka 1997 wakatoa tangazo la bibi mmoja wa Lunenburg, mji wa wavuvi, anapanda kilima na fimbo yake kwenda kunywa kahawa, basi, hakuna kingine, na nchi ikalia machozi. 2010 wakati wa Olimpiki za Vancouver wakatoa lile la baba Mwafrika yuko uwanja wa ndege anamsubiri mkewe na watoto, kabeba makoti ya baridi na kahawa, mke anatoka anakipokea kikombe anakishika kwa mikono miwili. Mi nalijua ni tangazo, najua kuna watu walikaa ofisini wakapanga nilie wapi, na bado siwezi kuliangalia vizuri. 2018 wakaenda hadi Nairobi, kuna timu ya hoki ya barafu pale inaitwa Ice Lions, walikuwa wanafanya mazoezi kwenye kale kauwanja ka barafu ka hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, tatizo hawakuwa na timu nyingine nchini ya kucheza nayo. Wakawapandisha ndege mpaka Kanada, wakawaingizia Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, mastaa wakubwa wa hoki, kwenye timu kama ghafla tu. Crosby mwenyewe alianzia timu za watoto zinazodhaminiwa na haohao, watoto wadogo wenye jezi zimeandikwa Timbits, na hizo Timbits ni vidonati vya duara wanauza toka 1976. Ona walivyokushika, mtoto hajajua kusoma tayari kavaa jina lako kifuani na baba yake analia kwenye viti.

Wanasiasa nao hawajalala. Septemba 2009 viongozi wa dunia wako New York kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Obama anahutubia kwa mara ya kwanza, waziri mkuu Stephen Harper siku hiyohiyo alikuwa Oakville kwenye hafla ya Tim Hortons. Walimsema lakini mi nadhani alijua hesabu zake. Na jeshi lilipokuwa Afghanistan walifungua tawi Kandahar kabisa, kambini, toka 2006 mpaka 2011, wanajeshi wanatoka doria kwenye vumbi na joto la kuua wanapanga foleni ya kahawa ya moto. Hiyo si kiu.

Na bahati nasibu yao, hii utaipenda. Toka 1986 walikuwa na msimu wa kukunja ukingo wa kikombe cha karatasi kuona umeshinda nini, watu wanakunja kwa meno, karibu wote wanashinda donati au hakuna kitu. 2006 kule Quebec binti wa miaka 10 akaokota kikombe kwenye pipa la taka shuleni, akashindwa kukikunja, akamuomba mwenzake wa shule wa miaka 12 amsaidie, ndani kumbe kuna gari, Toyota RAV4! Familia mbili zikagombana, afu akajitokeza mfanyakazi wa shule anasema kikombe ni changu nilikitupa mimi, akataka mate yapimwe DNA. Kampuni ikaishia kumpa yule mdogo. Baadaye mchezo ukahamia kwenye simu na watu wakanung'unika kwamba hauna raha bila meno.

Manung'uniko mengine ni ya haki kabisa. Donati zilikuwa zinapikwa palepale usiku, sasa zinatoka kiwandani zimegandishwa zinamaliziwa tawini. Kampuni iliungana na Wendy's, wauza baga wa Marekani, 1995, ikajitoa 2006, 2014 ikachukuliwa pamoja na Burger King na sehemu kubwa ikawa ya matajiri wa Brazil, wale 3G Capital. Januari 2018 jimbo letu la Ontario lilipopandisha kima cha chini cha mshahara kuwa dola 14, tawi la Cobourg, tena la watoto wa haohao waanzilishi, mtoto wa Joyce na mtoto wa Horton wameoana, likawakata wafanyakazi malipo ya mapumziko, watu wakaandamana nje. 2022 mamlaka za faragha zikasema ile apu yao ilikuwa inafuatilia watu wanakoenda hata wakiwa hawajaifungua, na kwenye kumaliza kesi wakajitolea kuwapa watu kinywaji cha moto na kitafunwa kimoja, yaani fidia ya kupelelezwa ni donati. Na watu wakazichukua!

Ndo maana nakwambia mapenzi haya sio ya kampuni, mwenye hisa angeweza kuwa shetani na meza ya wazee ingekuwepo kesho asubuhi. Wanachokipenda ni kwamba kila mmoja wao yumo. Nilivyokuja nilidhani nchi ni wale waliokaa mezani, siku hizi naangalia zaidi nyuma ya kaunta, dada wa Kifilipino, kijana wa Punjab anayesoma chuo mchana, mama wa Eritrea, wao ndo wanawauzia Wakanada Ukanada saa tisa za usiku, na Kiingereza cha kwanza walichosema kwa mteja hapa ni "krimu ngapi". Siku moja wakifanya tangazo la hao nitaliamini.

Basi, shemeji yako wa Dubai mwambie matawi yanapatikana huko pia, toka 2011, ila huko ni sehemu ya kupiga picha na kuvaa vizuri, na Lahore walivyofungua 2023 foleni ilikuwa kama ya viza. Kwa hiyo sio kila mahali ni meza ya wazee.

Swali langu kwako: msimu huu bei mnadani zimekaaje, na baba ameng'oa ile mibuni ya zamani au bado anang'ang'ania? Kuna mtu wa Arusha anakuja huku mwezi wa kumi, nitakupa namba yake, mpe kilo moja ya ile ya kwenu, iliyokaangwa, sio mbichi kama safari ile. Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
wa Hamilton