Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, 2024

Wanachama wenzangu, hamjambo. Mliotoka Kitengela na Thika, poleni na safari. Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina. Mimi nitazungumzia kazi yenyewe.

Mwaka huu tulitoa imeji mpya chache sana za kontena, yaani vifurushi vyenye programu pamoja na kila inachohitaji ili iendeshwe. Muda mwingi ulikwenda katika kujenga upya zile za zamani, kila Jumanne usiku, hata wiki ambazo hakuna mtu aliyetuomba. Baadhi yenu mmeniuliza kwa nini tunahangaika na imeji ambayo haina tatizo lolote. Ni kwamba imeji ya kontena ikishapakiwa ghalani, yaani kwenye hifadhi ya mtandaoni ambako watu huipakua, haibadiliki hata baiti moja. Ndani yake mna mfumo endeshi kama Debian au Alpine, mna maktaba za programu kama OpenSSL na zlib, na humo mianya ya kiusalama huzidi kugunduliwa. Anayepakua leo imeji tuliyoijenga Januari anaichukua pamoja na mianya yote iliyojulikana tangu hapo, na jina lililoandikwa juu yake ni letu.

Tarehe 30 Juni, mifumo endeshi ya Debian 10 na CentOS 7 ilifikia mwisho wa kutunzwa siku moja. Lugha ya programu ya Python 3.8 ikafuata Oktoba, na hifadhidata ya PostgreSQL 12 Novemba. Imeji zilizotegemea matoleo hayo tumeacha kuzijenga. Walikuwepo waliolalamika, na shida yao naielewa, kwa sababu kuhamisha mfumo wa malipo wa duka si kazi ya siku moja. Hata hivyo sitakubali tuendelee kutia sahihi kitu ambacho hakuna tena anayekiziba.

Sasa niwarudishe Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi. Wengi wenu mlikuwa ushago. Siku hiyo Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data iliyomo katika mifumo mingi ya Linux, yametiwa mlango wa siri. Alikuwa ameona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa njia ya SSH kunachelewa takriban nusu sekunde, akakataa kulipuuza. Katibu alinipigia simu jioni, tukakaa mpaka usiku wa manane tukipitia imeji moja baada ya nyingine. Zile za Debian 12 zilikuwa na xz 5.4.1, kwa hivyo zilikuwa salama. Imeji moja ya majaribio, iliyojengwa juu ya tawi la Debian ambalo bado halijatulia, tuliiondoa usiku uleule.

Kilichonikaa moyoni katika kisa hicho ni namna mlango ule ulivyoingizwa. Mradi wa xz ulikuwa ukibebwa na mtunzaji mmoja aliyechoka. Akajitokeza mtu wa kumsaidia, akafanya kazi nzuri kwa zaidi ya miaka 2, mpaka akaaminiwa na kupewa mamlaka ya kutoa matoleo. Nilipolisoma hilo nilihesabu wenye ufunguo wa kidijitali wa kutia sahihi imeji zetu, na nilikuwa mimi peke yangu. Tangu Aprili hakuna imeji inayopakiwa kabla watu wawili hawajaikagua, na katibu naye ana ufunguo wake.

Lakini watu wawili hawatoshi ikiwa mmoja wao haangalii, na hapa sina budi kueleza kosa langu. Jioni moja ya Agosti niliidhinisha mabadiliko kwa simu nikiwa ndani ya matatu, Thika Road. Katika maelekezo ya kujenga, mstari mmoja ulinakili faili yenye ufunguo wa kufikia ghala letu la msimbo, na mstari uliofuata ukaifuta. Niliona imefutwa, nikaridhika. Asubuhi mwanachama mmoja alinipigia simu, sauti imebadilika. Niliihifadhi imeji ile kama faili ya tar, nikaifungua tabaka baada ya tabaka, kwa kuwa hatua za kujenga huacha tabaka zake ndani ya imeji. Katika tabaka la nne ufunguo ulikuwepo mzima, herufi kwa herufi. Tabaka la tano lilikuwa na alama tu ya kusema faili imeondolewa. Ndivyo kontena zinavyofanya kazi: kufuta katika tabaka la juu hufunika kilicho chini, na chenyewe hubaki palepale kwa yeyote anayetaka kukifunua.

Ilikuwa imekaa wazi usiku kucha. Tulibatilisha ufunguo kwanza, kisha tukaondoa imeji, kisha tukawaandikia watumiaji na kuwaeleza yote. Hatukuona dalili kwamba kuna aliyeutumia. Nawaomba radhi. Sasa hakuna anayeidhinisha kwa simu, na siri hupewa hatua inayoihitaji tu wakati wa kujenga, bila kuandikwa katika tabaka lolote.

Mei 12, nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, upande wa Afrika Kusini, upakiaji wetu ulisuasua kwa siku kadhaa. Asanteni kwa subira.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote lilianzia Kayole. Mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi alituandikia kwamba darasa lake hukwama katikati ya somo. Tulikwenda kuona. Tarakilishi zote za maabara zilitoka kwenye intaneti kwa anwani moja, na Docker Hub, ghala kubwa la imeji la umma, huruhusu wasiojisajili kupakua mara 100 kwa kila saa sita kwa anwani. Wanafunzi 30, kila mmoja na imeji nne, tayari wamevuka. Juu ya hayo walikuwa wakitumia imeji kamili ya Python, inayokaribia gigabaiti 1 ikifunguliwa, na bando la chuo lilikuwa likiisha kabla ya mwezi. Tuliwawekea ghala dogo la akiba kwenye mashine kuukuu pembeni mwa maabara, kila imeji ikashuka mara moja tu. Kisha tukawapa imeji yetu nyembamba, isiyofika megabaiti 200. Tulipoondoka, msichana mmoja wa safu ya nyuma alikuwa ameendesha kontena yake ya kwanza na anawaita wenzake waje waone. Natamani tufike katika vyuo vingine mwaka ujao, na wenye magari mjitolee.

Lakini zamu ya Jumanne ina watu watatu, na mmoja anajifungua Februari. Nahitaji wawili wapya, si lazima wawe mabingwa. Wawe watu wanaosoma mstari kwa mstari. Mafunzo tutatoa wenyewe, na baada ya miezi sita ya zamu, kamati itaamua kuhusu kukabidhi ufunguo wa tatu. Aliye tayari amwone katibu wakati wa chai. Jumanne hii tunaanza saa mbili usiku, na imeji ya kwanza kwenye foleni ni ya PostgreSQL.