Risala ya klabu yetu ya filamu kwa mgeni rasmi, Songea

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu na wazazi wetu, shikamooni. Karibu Songea mheshimiwa na pole na safari.

Klabu yetu ina wanachama 23, kamera ya kuazima na projekta ambayo ikichemka tunaipepea na madaftari, ila muvi kila Ijumaa tunaangalia. Muhula huu tuliangalia ile ya mapigano ya Algiers, Waalgeria wakipigania uhuru wao kwa Wafaransa, ya Mwitaliano Gillo Pontecorvo ya 1966, mabomu ya Waalgeria yamo na mateso ya wanajeshi wa Ufaransa yamo, hakuna upande uliofichwa. Ikachukua tuzo kubwa kwenye tamasha la filamu la Venice, ujumbe wa Ufaransa ukasusa, na Ufaransa kwenyewe haikupata kibali cha kuonyeshwa mpaka 1970. Sasa kilichotushangaza, hata kibali kilipotoka wenye majumba ya sinema ndo wakaogopa maana walikuwa wanatishiwa, yaani kibali kipo, muvi ipo, skrini ipo, wa kuionyesha hayupo!

Mheshimiwa, hapo ndo tulijiona sisi. Tumetengeneza muvi ya dakika 18, wazee wanasimulia Majimaji kama walivyoipata kwa babu zao. Kunyongwa kwa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, na wenzake mwaka 1906 hakuna shida, si tunaadhimisha kila mwaka hapa hapa makumbusho. Shida ni zile dakika nne mzee mmoja anaposema waliochoma mashamba na maghala mpaka watu wakafa njaa hawakuwa Wajerumani peke yao, askari wao na ruga-ruga, wale wapiganaji wa kukodiwa, wengi walikuwa weusi kama sisi. Ofisi moja tulikopeleka ikatuambia tunachokonoa vidonda, kwa mdomo tu, barua hakuna, na ukumbi tulioahidiwa nao ukasikia ukasema subirini kwanza. Huu mwezi wa saba tunasubiri.

Kukaguliwa hatukatai, wakisema watoto wa chini ya miaka fulani wasiione sawa tu. Tunachoomba utusemee, tukikataliwa tuandikiwe ni kipande gani na kwa nini, tujue tunakata au tunajitetea. Pia tupewe bwalo la chuo jioni moja tuwaonyeshe wazee tuliowahoji, maana yule wa dakika nne kapita miaka 90 na kila akituona barabarani anauliza, "Wajukuu, sinema yangu lini?"

Na projekta, mheshimiwa, kama mfuko unaruhusu.

Tunaomba kuwasilisha.