Ingia na Fagio, Somo

Kibirizi, Kigoma

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, mvua tu inatusumbua kwenye uanikaji wa dagaa. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umesema tangu tumzike mama hujaweza kufungua chumba chake pale Isevya, Tabora. Ufunguo unao, unafika hadi chini ya ule mwembe wa uani, unarudi. Umeniuliza mimi niliwezaje kupanda boti tena. Wengine wakiniuliza, huwa nasema Mungu alinisaidia, kisha nanyamaza. Ni kweli alinisaidia, ila wewe nataka nikueleze ilivyokuwa.

Hofu yangu haikuanza siku ile tulipopinduka. Ilianza darasani, mwalimu aliposema Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470. Toka hapo kila nikitazama maji naona kushuka tu, chini, chini. Halafu ndiyo tukapinduka, tena karibu kabisa na ufuko, watu wakanitoa nimekumbatia gunia la mihogo. Miaka sita, somo! Miaka sita nanunua dagaa mwaloni huku ziwa nimeligeuzia mgongo.

Mwaka huu mdogo wangu akajifungua kule kijijini Mwamgongo, kando ya ziwa, hana wa kumkandia maji. Nikapanda boti. Mdomo mkavu, macho nimefumba. Mawimbi yakaanza kuingia ndani, nami nikaanza kulia. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mashine hakunipa pole. Alinipa dumu lililokatwa, akasema, "Mama, toa maji hayo."

Nikainama. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu, yana petroli inayong'aa rangi rangi na magamba ya samaki. Nachota, namwaga. Nachota, namwaga. Mikono ikaanza kuuma. Nilipoinua kichwa, milima ya Gombe ilikuwa kulia kwetu, msitu umeshuka mpaka karibu na maji, na zile mita za mwalimu nilikuwa nimezisahau kitambo.

Sitakudanganya, hofu haijaisha. Wakati wa kurudi nilitetemeka vilevile. Lakini dumu niliomba mwenyewe.

Na kuna jambo jingine limebadilika ambalo sikulitarajia. Zamani dagaa kwangu walikuwa hesabu tu: ndoo bei gani, nitauza ngapi, nitabaki na nini. Sasa alfajiri nasimama nimelielekea ziwa, nawaona vijana wanarudi na taa zao, macho mekundu, nguo zimelowa. Nikishamwaga dagaa juu ya chanja nawatawanya kwa vidole, mmoja asimlalie mwenzake, maana waliolaliana ndio wanaooza kwanza. Kazi ni ileile, mgongo unauma uleule. Ila najua aliyewaleta alikuwa wapi saa nane ya usiku, gizani, juu ya maji yale niliyoyaogopa, na pengine na yeye aliogopa. Siwezi tena kuwaanika ovyo. Hata mchanga ulioshika kwenye ndoo nausuuza.

Basi somo, usiingie chumbani kwa mama kwenda kumkumbuka. Ingia na fagio. Anzia kizingitini, kusanya vumbi, fungua dirisha. Kitanda kiache, na sanduku la khanga liache kabisa, lina siku yake. Machozi yakija, lia huku unafagia. Siku ya kwanza ukifika katikati ya chumba inatosha, funga mlango ukapike.

Mguu ukikataa, niandikie tarehe. Nitapanda treni, nikukute stesheni na dagaa wako na chupa ya mawese. Fagio usihangaike kununua, la mama bado liko nyuma ya mlango wa jikoni, nililiona siku ya arobaini.

Ni mimi,
Somo yako