Mpaka ukikazwa, wanaokwama ni wale walio ndani

Ndugu Mhariri,

Wasomaji wenzangu wanaoandika kuhusu wageni kutoka nchi jirani hurudia ombi lile lile: mpaka ufungwe, askari waongezwe. Naomba nafasi nitofautiane nao. Mara nyingi mpaka ukikazwa, safari inayokatika kwanza ni ile ya kurudi.

Mfano ulio wazi zaidi ni Mexico na Marekani. Mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani na mashamba yake yakikosa watu, serikali hizo mbili zilikubaliana vibarua waingie kwa mikataba ya muda. Mpango huo, Bracero, ulidumu hadi 1964 na kutoa mikataba ipatayo milioni 4.6. Haukuwa mpango wa haki sana. Waajiri wengi waliwapunja watu ujira. Lakini mtu alivuna, akarudi kwao, na msimu mwingine akaja tena. Ulipofutwa, mashamba yalibaki pale pale yakihitaji mikono, na familia zilizozoea kuishi kwa ujira ule hazikuwa na pengine pa kuutafuta. Watu waliendelea kuvuka, sasa bila kibali, na hata hivyo wengi wao walirudi makwao.

Kilichowazuia kurudi ni ulinzi mkali ulioanzia katika miji ya Marekani iliyo mpakani, El Paso mwaka 1993 na San Diego mwaka 1994. Njia za panya zilihamia jangwani, wavushaji wakapandisha bei, na watu wakafa kwa joto na kiu. Aliyekopa ili avushwe, kisha akaponea chupuchupu, haendi nyumbani hata kumzika baba yake, maana hajui kama atapita tena. Anabaki, na baadaye anawaita mke na watoto. Kufikia 2007 Marekani ilikuwa na watu takriban milioni 12 wasio na vibali, zaidi ya nusu yao wakiwa Wamexico.

Idadi hiyo ya Wamexico ilishuka baadaye. Ulinzi ulichangia, sikatai. Ila mdororo wa uchumi wa 2008 ulikuwa umeua kazi za ujenzi, na huko Mexico wanawake waliokuwa wakizaa wastani wa watoto karibu saba katika miaka ya 1960 walikuwa sasa wakizaa wawili na ushei. Vijana wa kusafiri walikuwa wamepungua tangu nyumbani.

Wengi hukosea pia kuhusu chanzo cha uhamiaji, wakidhani ni ufukara mtupu. Tukiacha vita, ambavyo humfukuza mtu bila kumuuliza ana nini mfukoni, wahamaji kwa kawaida si maskini wa mwisho. Safari ina gharama, na fukara kabisa hana nauli wala ndugu wa kumpokea. Anayeondoka ni yule mwenye akiba kidogo na shemeji ng'ambo ya pili aliyemwambia kuna kazi.

Sisemi uhamiaji hauna madhara. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wanaume zaidi ya laki moja wa Lesotho walikuwa migodini Afrika Kusini. Fedha zao zilijenga nyumba na kusomesha watoto, lakini wake zao walilea na kulima peke yao, na wengi wa wanaume hao walirudi na mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la mawe. Migodi ilipopunguza watu katika miaka ya 1990, vijiji vilivyotegemea mshahara huo vilibaki mikono mitupu.

Wanaopendekeza kufukuza watu kwa mkupuo, basi, watazame Afrika Magharibi. Mwaka 1969 Ghana iliwapa wageni wasio na vibali wiki mbili waondoke, Wanigeria wengi wakiwamo. Mashamba ya kakao yakakosa vibarua. Januari 1983, mapato ya mafuta yakiwa yameporomoka, Nigeria nayo ilitimua watu zaidi ya milioni moja, wengi wao Waghana, wakarudi katika nchi iliyokuwa na ukame na mioto ya nyika. Na kufikia 1983 nchi zote mbili zilikuwa tayari zimesaini itifaki ya 1979 ya ECOWAS, jumuiya ya uchumi ya Afrika Magharibi, ya watu kutembea huru!

Colombia ilichagua njia nyingine. Mwaka 2021 ilitangaza kibali cha hadi miaka 10 kwa Wavenezuela, wakati huo wakiwa takriban milioni 1.7 nchini humo, ili waajiriwe na kutibiwa kihalali. Asiye na hati hukubali ujira wowote kwa kuogopa kushtakiwa, na mwenyeji anayeomba kazi ile ile huambiwa achukue hicho hicho au aende zake.

Ombi langu kwa watunga sera ni moja: kibali cha msimu kinachomruhusu mtu kutoka na kuingia tena bila kuanza upya, na kisichomfunga kwa mwajiri mmoja, ili akipunjwa aweze kuhama.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi